Dandora Ilianza na Choo

Jumamosi moja mwaka jana nilimwaga maji ya wiki nzima ya ploti yetu. Si kwa ubaya. Nilikuwa nataka kuokoa pesa.

Iko hivi. Kona ya paipu pale nje ya bafu ya chini ilikuwa inadondosha maji tangu Krismasi. Paipu ya chuma, nusu inchi, ya zamani. Fundi aliiangalia kama dakika moja, akaitisha elfu mbili na mia tano. Nikaenda duka la vifaa kuuliza bei ya elbo peke yake, nikaambiwa shilingi mia moja. Sasa wewe fanya hesabu kama mtu ambaye hana kazi lakini ana bando. Usiku huo nikatazama vidio nne za watu wa Marekani wakibadilisha paipu kwa nyumba zao. Wanacheka tu, dakika kumi kazi imeisha, mbwa amelala hapo kando. Asubuhi nikaazima renchi kwa jirani, nikanunua elbo na ile tepu nyeupe ya nyuzi, nikaanza.

Elbo ilikataa kusonga. Nikaongeza nguvu, ikakataa. Nikaning'inia kwa renchi na mwili mzima, na kitu kikasonga kweli, lakini haikuwa elbo. Paipu yenyewe ilikatika ndani ya ukuta na maji yakanipiga kifuani.

Unajua kitu cha kwanza wale wa vidio hufanya? Hufunga maji. Mimi pia nilikuwa nimetafuta pa kufungia. Sikupata, nikajiambia haina haja, ni kazi ya dakika kumi. Kumbe stopkoki ya ploti yetu iko, ila iko chini ya ngazi. Namaanisha chini kabisa, ndani ya zege. Anko wangu alipojenga ghorofa ya kwanza mwaka 1998 alimwaga zege ya ngazi juu yake. Kwa hivyo maji, ambayo kwetu huja siku mbili tu kwa wiki, yalimwagika mpaka akapatikana mtu wa kuyafunga kule nje kwa mita. Saa tatu. Wapangaji walitoka na mitungi, ndoo, sufuria, mmoja alileta hadi beseni ya mtoto. Wengine walinishukuru, manze. Wengine hadi leo hawanisalimii.

Shosho alikuwa ameketi kwa mlango wake anatazama. Mimi nimebeba jina la marehemu babu, kwa hivyo yeye huniita mzee wake. Hakunigombeza. Alisema tu, "Mzee wangu, hiyo umevunja ndiyo ya kwanza. Hiyo niliikuta hapa."

Nikamuuliza, "Uliikuta vipi, shosho, na hii nyumba ni wewe ulijenga?"

"Nyumba nilijenga. Paipu niliikuta."

Nimezaliwa hii ploti na nilikuwa sijawahi kusikia hiyo stori. Nilidhani, kama watu wengi, kwamba Dandora ilijengwa kama mtaa mwingine wowote: mtu anapata kipande, anapandisha kuta, anaweka mabati, anahamia, halafu maji yanafuata kama yatafuata. Hapa ilikuwa kinyume. Hapa choo kilitangulia nyumba.

Ili uone hiyo ilikuwa ajabu kiasi gani, turudi nyuma kidogo.

Nairobi ilianza 1899 kama kambi ya reli. Kwa serikali ya kikoloni Mwafrika hakuwa mkazi wa mji, alikuwa mfanyakazi wa kupita. Na mtu wa kupita hajengewi nyumba yenye bafu, hupewa kitanda. Angalia Kariokor, ule mtaa uliopata jina kutokana na Carrier Corps, wale wapagazi wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Ulipojengwa mwishoni mwa miaka ya 1920 ulikuwa mabweni. Mwanaume, kitanda, choo cha pamoja. Mke na watoto wabaki ocha.

Lakini kulikuwa na mahali pamoja ambapo mambo yalienda tofauti kidogo, nayo ni Pumwani. Mapema miaka ya 1920 wakuu wa mji walianza kubomoa vijiji vya Waafrika vilivyokuwa vimetapakaa Nairobi. Wakapima ploti Pumwani, wakaweka barabara na vyoo vya pamoja, halafu wakaambia watu: jengeni wenyewe. Ndiyo maana hadi leo tunaita Majengo. Watu wakajenga nyumba za udongo kwa muundo wa pwani, korido katikati na vyumba huku na huku, na vile vyumba wakavikodisha. Mwanahistoria Luise White amechimba hiyo historia na kuonyesha kitu ambacho hatufundishwi shule: idadi kubwa ya wenye nyumba wa Majengo walikuwa wanawake. Wanawake waliokuja mjini bila mume, wakafanya biashara walizoweza, wakanunua ukuta na paa. Shika hiyo, tutairudia.

Uhuru ukaja 1963 na watu wakaja mjini. Sensa ya 1969 ilihesabu karibu watu 509,000 Nairobi. Ile ya 1979 ikahesabu karibu 828,000. Nyumba za kanjo hazingeweza kufuata hiyo spidi, na hata zilipojengwa, waliozipata walikuwa watu wenye mshahara wa ofisi. Wengine walienda Mathare, Kibera, Kawangware, wakajipangia mbao na karatasi. Jibu la mji? Mwaka 1970 kanjo ilipita na moto na mabuldoza ikibomoa vibanda. Shosho alikuwa Mathare wakati huo, msichana mdogo. Anasema walikuwa wanajenga tena kabla moshi haujaisha.

Sasa wakati huohuo, huko ng'ambo, kulikuwa na wazo jipya linazunguka. Msanifu majengo mmoja Mwingereza, John Turner, alikuwa amefanya kazi miaka kadhaa Peru, kwa mitaa ambayo watu maskini walijijengea. Aliona kwamba nyumba ya maskini huonekana mbovu mwaka wa kwanza, lakini rudi baada ya miaka 10 utakuta ukuta wa matofali. Akauliza: kwa nini serikali ijenge nyumba chache za bei ghali, na watu wanajua kujenga? Kile ambacho mtu peke yake hawezi ni kujivutia maji na suwa. Basi serikali ifanye hilo, mwananchi afanye mengine. Benki ya Dunia ikalipenda wazo, sehemu kwa moyo safi na sehemu kwa sababu ni rahisi kwa bei. Mradi wake wa kwanza wa aina hiyo ulikuwa Senegal, 1972. Mwaka 1975 ikaja zamu ya Nairobi.

Mahali palipochaguliwa palikuwa upande wa mashariki, kama kilomita 10 kutoka katikati ya mji. Ploti karibu 6,000, kwa awamu. Na kwenye kila ploti, kabla mtu yeyote hajaweka jiwe, mradi ulijenga kijumba kimoja kidogo cha choo na bafu, kimeshaunganishwa na maji na laini ya suwa. Kwa ploti nyingi ilikuwa hicho tu. Chache ziliongezewa jiko na stoo, na chache zaidi zilipewa chumba kimoja cha mfano. Basi. Yaani fikiria ukisimama pale juu ya kilima mwaka 1977: uwanja mtupu, nyasi, na vyoo. Mamia ya vyoo vimesimama peke yake kama mawe ya makaburi, vikingoja nyumba.

Kuna viongozi ambao hawakutaka. Waliogopa wanajenga Mathare ingine, ila hii ina baraka ya serikali. Kulikuwa na mvutano mrefu kuhusu viwango, Benki ikitaka vitu vya bei ya chini na kanjo ikitaka nyumba za kufuata sheria za ujenzi, ambazo kwa sehemu kubwa tulirithi kwa Waingereza. Ninaelewa pande zote mbili kusema ukweli. Ukiweka kiwango juu sana maskini hawezi kujenga. Ukikiweka chini sana, mjukuu wake anakuja kuning'inia kwa renchi.

Kupata ploti ulihitaji kuwa na mapato ya familia kati ya shilingi 280 na 650 kwa mwezi. Si sifuri, maana mkopo lazima ulipwe, na si mengi, maana haikuwa ya matajiri. Shosho alikuwa anauza sukuma na nyanya, watoto wanne, bila mume nyumbani. Alichaguliwa kwa kura. Anakumbuka siku aliyopewa ufunguo, na hapo ndipo nilicheka nikakaribia kulia: ufunguo wa kwanza wa maisha yake Nairobi ulikuwa wa choo. Hakuwa na mlango mwingine. Alijenga kibanda cha mabati kando yake, wakalala hapo zaidi ya mwaka, lakini usiku akitaka kwenda haja alifungua mlango wake, akavuta maji yake. Anasema majirani wa Mathare walikuja kutembea Jumapili wakitaka kuona maji yakivutwa.

Sasa kuhusu hii kitu ya "kujijengea". Kwa makaratasi ya mradi ilionekana kama kila mtu atashika mwiko na kupandisha ukuta wake mwenyewe, familia nzima wikendi. Shosho akisikia hivyo hucheka. Angejenga saa ngapi, na soko ni saa kumi alfajiri? Watu wengi wa Dandora walichukua mkopo wa vifaa, wakatafuta fundi na vijana wa mjengo, wakawasimamia. Wengine, hasa akina mama, waliunda vikundi: kila mwezi mnachanga, mwezi huu tunajengea fulani chumba, mwezi ujao fulani. Yaani chama, ile chama unayoijua wewe, ila badala ya sufuria mnazungusha vyumba. Kwa hivyo mtu akikuambia wazazi wetu walijijengea kwa mikono yao, muulize mikono ya nani. Kujijengea kulimaanisha kujua bei ya simenti, kujua fundi gani anakunywa, na kusimama juani kuhesabu mawe yakishushwa kwa lori. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi, na ilikuwa kazi ngumu.

Chumba cha kwanza kilipoisha, shosho hakuhamia. Alikikodisha! Akabaki kwa kibanda na watoto, kodi ya chumba ikaanza kulipa mkopo na kuweka mawe ya chumba cha pili. Ni ileile mbinu ya wanawake wa Majengo, miaka 50 baadaye.

Baadaye wataalamu wengi waliandika kwamba Dandora ilifeli, kwa sababu ploti nyingi ziliishia kwa watu wenye pesa na wapangaji wakajaa. Mimi hapo nawapinga nusu. Ni kweli wengi waliuza, na kuna watu wenye ploti huku ambao hawajawahi kulala Dandora usiku mmoja. Lakini kukodisha si kufeli. Bila wapangaji shosho angepoteza ploti mwaka wa pili. Kilichofeli ni hesabu nyingine kabisa, na iko ndani ya ile paipu niliyoivunja.

Kile kijumba kilihesabiwa kwa ploti ya nyumba ya chini na vyumba vichache. Paipu moja ya nusu inchi, choo kimoja, bafu moja. Leo kwetu kuna chini, ghorofa ya kwanza na ya pili. Vyumba 14. Mara ya mwisho kuhesabu tulikuwa watu 38 pamoja na mtoto aliyezaliwa Agosti. Vyoo vimeongezwa vikawa vinne, lakini vyote vinamwaga kwa laini ileile ya 1977, na maji yote yanaingilia paipu ileile. Tumejenga jumba juu ya choo cha mtu mmoja, na si sisi peke yetu. Tembea feizi yoyote uangalie juu.

Ngoja nikueleze kitu ambacho kilinifungua macho kuhusu presha. Kila mita 10 ya kwenda juu inakula ba moja ya presha. Tangi letu liko juu ya ghorofa ya pili, kama mita 11 hivi. Kwa hivyo maji ya laini yakija na presha ya ba moja, hayafiki. Ndiyo maana kila nyumba ya Nairobi ina tangi chini na pampu, au ina watu wa kubeba mitungi. Na yakishafika juu, yule mpangaji wa ghorofa ya juu, ambaye unafikiri yuko karibu na tangi na anafurahia, ndiye anaumia. Tangi liko mita mbili tu juu ya kichwa chake, hiyo ni sehemu mbili kati ya kumi za ba. Shawa ya umeme inahitaji presha fulani ndio iwake. Kama uko juu kabisa na shawa yako inakumwagia maji baridi, mara nyingi haijaharibika. Inangoja presha ambayo haitakuja. Wa chini kabisa ndiye anaoga vizuri.

Kuna watu wanamaliza hiyo shida kwa kufunga pampu moja kwa moja kwa laini ya mtaa, inavuta. Nakuomba usifanye. Si kwa sababu ya sheria tu. Ukivuta laini ambayo haina maji ya kutosha, ndani ya paipu panakuwa na utupu, na paipu yenye ufa huvuta chochote kilicho nje yake. Angalia mtaro unaopita juu ya paipu yenu halafu uniambie ni nini hicho unavuta.

Halafu suwa. Paipu ya suwa ya inchi nne inataka mteremko, kama sentimita mbili na nusu kwa kila mita. Ukiilaza sana, maji yanaenda na uchafu unabaki. Kila mara mtu akiongeza choo anaunganisha pale anapoweza, si pale panapofaa, na mteremko unapotea. Ongeza pampasi na vitambaa ndani ya manholi (wapangaji wetu, ninawapenda, lakini tunajuana) na unapata ile Jumatatu ambayo kila mtu anaijua.

Lakini kilichoniumiza zaidi ni harufu. Tangu nikiwa mdogo bafu ya chini ilinuka, na miaka yote tulilaumu dampo. Dampo la Dandora lilianza katikati ya miaka ya 1970, karibu pamoja na mtaa wenyewe, kwa hivyo ni rahisi kulilaumu kwa kila kitu, na mara nyingi ni haki. Safari hii haikuwa dampo. Chini ya kila choo na sinki kuna ile kona iliyopinda ambayo hubaki na maji. Mtengeneza saa mmoja wa London, Alexander Cumming, aliipatia hataza mwaka 1775, na kazi yake ni moja: yale maji yaliyobaki yanazuia hewa ya suwa isirudi ndani. Sasa, mtu wa ghorofa ya pili akivuta choo, maji yakishuka kwa nguvu yanavuta hewa nyuma yake. Kama hakuna paipu ya kupumulia inayofika juu ya paa, yanavuta yale maji ya kona ya chini, na mlango unabaki wazi. Kile kijumba cha shosho kilikuwa na paipu ya kupumulia. Iliishia kwa urefu wa nyumba ya chini. Ghorofa ya kwanza ilipojengwa, ikafunikwa na slabu.

Haya yote sikuyajua mwenyewe, na kampasi niliyoacha mwaka wa pili nilikuwa nasomea biashara. Nilifundishwa na fundi, mzee wa miaka sitini na kitu, ambaye alikuja baada ya ile Jumamosi yangu. Si yule wa elfu mbili na mia tano. Huyo alikataa kurudi, na simlaumu.

Mzee alichukua kile kipande nilichovunja akanionyesha ndani. Tundu la nusu inchi lilikuwa limebaki nafasi ya kalamu. Kutu imejijenga ndani tabaka kwa tabaka. Paipu za chuma za zamani zilipakwa zinki ili zisishike kutu, lakini zinki huisha. Na pale kwenye nyuzi, ambapo chuma kimechongwa ili kiingiane na elbo, ukuta wa paipu ni mwembamba, kwa hivyo hapo ndipo hukatika kwanza. Kwa maneno mengine, hakuna njia ningeweza kubadilisha hiyo elbo. Yule fundi wa kwanza alijua. Ile elfu mbili na mia tano haikuwa bei ya elbo, ilikuwa bei ya kuijua hiyo paipu.

Na hapa ndipo zile vidio hutudanganya. Si kwamba ni uongo. Yule jamaa wa Marekani anafungua ukuta wa bodi nyepesi, anakuta paipu ambayo ramani yake iko, na valvu ya kufungia iko pale sheria ilisema iwe. Sisi tunafungua jiwe lililojengwa na fundi ambaye hakuacha mchoro, juu ya paipu iliyowekwa na mradi ambao ofisi yake ilifungwa zamani. Ramani ya ploti yetu iko kwa kichwa cha shosho. Alisimama uani na fimbo yake akaonyesha: paipu inaingilia hapa, inapinda pale, suwa inatoka kwa nyuma, na choo chetu na cha jirani vimepeana migongo wakatumia laini moja. Tulichimba alipoonyesha. Alikosea kwa futi moja.

Mzee akatupigia hesabu. Kuacha ile ya zamani ardhini, kulaza laini mpya ya inchi moja kutoka kwa mita, kupandisha paipu za plastiki zile za kuunganishwa kwa moto, kurudisha mteremko wa suwa, na kupitisha paipu ya kupumulia hadi juu ya paa: elfu themanini na sita. Kwa familia yetu hiyo ni pesa nyingi sana.

Shida ni kwamba hizo pesa ziko. Ni za anko. Amekuwa akiweka kidogokidogo, na anataka kuongeza ghorofa ya tatu. Vyumba vinne vipya, kodi elfu nne na mia tano kila kimoja, hiyo ni elfu kumi na nane kwa mwezi. Yeye huniambia, na hajakosea kihesabu, kwamba paipu hailipi kodi. Mpangaji haulizi laini ni ya mwaka gani. Anauliza chumba ni pesa ngapi na stima ni ya tokeni ama ya pamoja. Na anko ndiye aliyelipa karo yangu mpaka pale ilipoishia, kwa hivyo mimi ni nani wa kumwambia asijenge?

Nilimwambia hata hivyo. Nilimwambia watu 38 kwa laini ya familia moja ni wengi, na akiongeza vyumba vinne watakuwa karibu 50. Tukabishana mpaka shosho akagonga fimbo kwa sakafu.

Hakuamua kesi. Alisema tu kwamba hapo kwake chini, kabla ya mengine yote, anataka pa kufungia maji. Mahali anapofika bila kuinama. Mzee fundi akaweka valvu ya shaba nje ya mlango wake, karibu na kiti, shilingi elfu moja na mia mbili pamoja na kazi. Nililipa mimi. Sasa jioni yeye huizungusha robo mbele na robo nyuma kuhakikisha haijakwama, halafu anaingia kulala.

Mawe ya ghorofa ya tatu yalishushwa wiki iliyopita. Yako kwa lango, lori nzima, na anko hajaita fundi wa maji bado. Kama ploti yenu pia ilianza hivyo, Dandora feizi yoyote, niandikie uniambie stopkoki yenu ilizikwa wapi. Nakusanya.